Usingoje Picha ya Kitambulisho

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo unisikie. Kama uko kwenye matatu na dereva ameongeza sauti kwa ajili yangu, mpe shukrani zangu.

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu. Alifanya kazi bandarini Kilindini zaidi ya miaka thelathini, akajenga Changamwe, akasomesha watoto sita, na hakuna harusi ya ukoo ambayo hakuisimamia. Usiku wa pili wa matanga, binti yake mkubwa aliingia chumbani kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye karatasi ya ratiba ya ibada. Alitoka na albamu mbili. Tukazifungua chini ya taa, sote tumeinama. Mjomba yumo, lakini yumo kwa nyuma: hapa bega lake, pale kisogo, kwingine amebeba kreti ya soda na uso umefichwa na chupa. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake wapigwe picha. Mwishowe ikachukuliwa ile ya kitambulisho.

Ikapelekwa saiba, ikakuzwa hadi ukubwa wa sinia ya chai. Msikilizaji, picha ya kitambulisho haikuumbwa ikuzwe. Uso wa mjomba uligeuka madoadoa, mstari mmoja wa ile kadi ukampita kidevuni, na macho yale, ya mtu aliyekuwa akikuchekesha mpaka ushike ubavu, yakawa macho ya mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri na kuambiwa asicheke. Wajukuu wadogo waliipita ile picha bila kuitambua. Mmoja aliuliza, "Huyu ni nani?"

Palikuwa na mtu mmoja mazishini, amesimama pembeni chini ya mwembe, kamera imemning'inia shingoni na hajaigusa. Ni fundi wa picha wa mtaa wetu. Tulipomaliza kufukia alinisogelea, akanipa pole, kisha akasema neno ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti hiki leo: "Nilimwambia mara tatu aje nimpige bure. Kila mara aliniambia, ngoja nikanyoe ndevu."

Fundi huyu hapendi jina lake litajwe hewani. Wanafunzi wake humwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Siku za kazi ni fundi kama mafundi wengine: paspoti saizi, picha za watoto wa chekechea siku ya kuhitimu, picha ya familia siku ya Idi na siku ya Krismasi. Jumamosi studio inageuka darasa. Vijana tisa hukaa kwenye mabenchi aliyoyaazima kanisani, na kila mmoja hutoa ada ndogo ambayo haizidi nauli ya kwenda na kurudi mjini. Nilimwuliza kwa nini awatoze hata hicho kidogo, akasema aliwahi kufundisha bure na walikuwa wanakuja pale mvua inaponyesha tu.

Nikaenda Jumamosi moja nijionee. Nilitarajia kuona kamera mikononi mwa vijana. Sikuziona. Ziko kabatini na kabati limefungwa. Somo la kwanza, na liliendelea mpaka saa ya chai, lilikuwa kukaa kwenye kiti.

Yaani hivi. Kila kijana aliitwa, akakaa mbele ya pazia, na Mwalimu akasimama mbele yake na kamera asiseme neno lolote. Dakika moja. Dakika mbili. Ungewaona! Mmoja alianza kujikuna, mwingine akacheka peke yake, msichana mmoja alivuta mtandio mara saba. Mwalimu alipoishusha kamera aliwauliza: mmejisikiaje? Wakasema vibaya. Akawaambia, sasa mnajua anavyojisikia bibi kizee aliyekuja kwenu na nguo yake ya pekee. Kazi yenu ni kumwondoa mtu hapo mlipokuwa nyinyi sasa hivi. Mwulize watoto wake wanasoma wapi. Mwulize kwao wapi. Mwambie ukweli, kwamba kola imekaa upande. Na usimguse kidevu kabla hujamwomba ruhusa.

Nikafikiria picha zote nilizopigwa katika maisha yangu. Kumbe nyingi nilipigwa na watu walioniambia maneno matatu tu: kaa sawa, tazama huku.

Baada ya chai ya saa nne ndipo ulipokuja mwanga. Darasa la mwanga la Mwalimu halina umeme. Anafungua mlango wa studio, anaweka kiti hatua mbili ndani ya kizingiti, na anamkalisha mtu ubavu kwa mlango. Upande mmoja wa uso unang'aa, wa pili unaingia kivulini. Kisha anamwita kijana ashike kanga nyeupe upande ule wa kivuli, na uso unafunguka wote, taratibu, kama mtu aliyesikia habari njema. Kanga kuukuu, msikilizaji. Dukani watakuuzia kitambaa cha kurudisha mwanga chenye fremu na mfuko wa zipu, na kazi yake ni ile ile.

Halafu akaeleza jambo ambalo sisi watu wa Pwani tulipaswa kuwa tumefundishwa zamani. Kamera ina kipima mwanga ndani yake, na kipima mwanga ni kipofu wa rangi. Kinaamini kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, si cheupe wala si cheusi. Sasa mweke bwana harusi wa Mombasa mbele yake, kanzu nyeupe pe imejaza picha. Kamera inashtuka, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inakuwa ya kijivu na uso wa bwana harusi unazama gizani. Mgeuze, mweke mama mwenye buibui jeusi: kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na uso wa mama unapauka kana kwamba amepakwa unga. Ni harusi ngapi za Pwani zimeharibika hivyo, na lawama ikaenda kwa vipodozi au kwa weusi wa bwana harusi? Dawa ni kupima mwanga kwenye ngozi ya uso, nguo uisahau. Mwalimu aliwarudisha vijana kwenye somo hilo mara nne, na mara ya nne walikuwa wamechoka kweli, lakini wameshika.

Hapo msichana mmoja aliuliza swali zuri: mbona hata kwenye albamu za zamani, za wakati wa filamu, watu weusi hutoka vibaya kwenye picha za rangi? Mwalimu hakuwa na jibu, akanitazama mimi, kana kwamba mtu wa redio anajua kila kitu. Bahati nzuri hilo nilikuwa nimelisoma. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilipatanisha rangi zao kwa kutumia kadi ya mfano iliyotolewa na kampuni ya Kodak, na kwenye kadi ile alikuwapo mwanamke Mzungu. Mafundi waliziita kadi hizo Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ya mwingine, shauri yake. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyeifuatilia habari hii, ameandika kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi rangi za kahawia zikaboreshwa walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti na kabati, msikilizaji! Vijana walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, basi ndiyo maana marehemu baba alikuwa akizihangaikia picha za rangi kule maabara mpaka wakamchoka.

Maana Mwalimu ni mtoto wa fundi. Alianza uanagenzi akiwa darasa la tano: kufagia studio, kuchanganya dawa, kuning'iniza filamu zikauke kwa vibanio vya nguo, kusubiri nje ya chumba cha giza na kupigiwa kelele akigusa mlango. Aliruhusiwa kumpiga mteja baada ya miaka mitatu. Huo ndio ulikuwa mfumo wa mafunzo Pwani nzima, na si Pwani peke yake.

Niruhusu nitoke Changamwe kidogo. Mji wa Mombasa umewahi kuwa na studio ambazo leo majumba ya sanaa ya ng'ambo yanazionea wivu. N. V. Parekh aliendesha studio yake hapa kuanzia miaka ya 1940, na mbele ya kamera yake walipita Waswahili, Waarabu, Wahindi, Waafrika wa bara, wachumba waliotaka kukaa kama waigizaji wa sinema. Unguja, kwenye Barabara ya Kenyatta katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, akapiga masultani na akapiga watu wa kawaida, na kazi ikarithiwa na mwanawe. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, mtu wa vituko, aliyekuwa akichanganya picha mbili hata zikawa moja na mteja akajiona mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Na wale wa Likoni, je, unawakumbuka? Miaka ya 1990, kando ya feri, wapiga picha wa mtaani walisimamisha vibanda vyao na kuvipamba kwa makaratasi ya kumetameta, maua ya plastiki na mapazia yaliyochorwa: ndege, meli, maghorofa, wanyama wa porini. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi Mombasa, ambaye labda alikuwa analala watu wanne chumba kimoja, alisimama hapo na suti ya kuazima, nyuma yake ndege inapaa, na picha ikatumwa kwao. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwaandikia kwa kina. Wapo waliowadharau wapiga picha wale na kuwaita waongo. Mimi sioni uongo. Mama kule nyumbani alijua fika kwamba mwanawe hajapanda ndege. Alichotaka kuona ni kama amenenepa au amekonda, na hilo lilionekana.

Kuna fundi mmoja wa Mali ambaye Mwalimu humtaja kila Jumamosi, ingawa jina lake hulitamka kila wiki kwa namna mpya. Ni Seydou Keïta wa Bamako. Mjomba wake alimletea kamera ndogo mwaka 1935, naye akajifunza kuosha na kuchapisha picha kwa Mountaga Dembélé, ambaye alikuwa mwalimu wa shule na mpiga picha. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha kitambaa, na baadaye, alipokuwa mzee na dunia imemjia kuuliza picha hii ni ya mwaka gani, alikuwa akitazama kitambaa cha nyuma na kujibu. Mwalimu ameiga. Studio yake hubadilisha pazia kila Januari, na mabaki ya mapazia yote yamekunjwa sandukuni. Hilo la sasa lina maua makubwa ya manjano ambayo kwa kweli siyapendi, lakini mwaka huu watu wote wa Changamwe watajulikana kwayo.

Sasa tuje kwenye kazi yake ya nje. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Mwalimu na wale vijana hubeba kiti kimoja, pazia na kanga nyeupe, wakaingia uani kwa watu. Wanatafuta wazee wasiotoka: aliyepooza, asiyeona, anayeogopa kupanda ngazi za studio. Hawawapigi kitandani. Hilo ni sharti. Mzee anatolewa barazani, anasubiriwa aoge, avae anachotaka, akalishwe kwenye kiti. Bibi mmoja wa Kiduruma alikataa kabisa kuvaa gauni aliloletewa na wakweze. Akaagiza sanduku lake lifunguliwe, akajifunga nguo zake za ujana na shanga zake, akauliza kama kamera ile inafika mpaka miguuni. Wakarudi nyuma hatua tatu ili ifike.

Halafu, na hapa nataka unisikilize vizuri, picha inarudi. Baada ya wiki mbili vijana wale wale hurudi na picha iliyochapishwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Si kwa mwanawe, wala si kwa kuitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kijana ambaye hajarudisha picha haruhusiwi kupiga nyingine. Nimeona miradi mingi ya picha katika miji yetu, msikilizaji, na nitasema bila kificho kwamba mingi huishia pale kamera inapofungwa. Mgeni anakuja, anapiga sura zenye makunyanzi, maonyesho yanafanyika ukumbini kwa mvinyo na vitafunio, na mwenye makunyanzi yake hajui kama uso wake uko ukutani.

Siyo yote. Mwaka 1997 huko Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong pamoja na Francis Kimanzi wa chama cha michezo cha vijana, MYSA, waliwagawia wavulana na wasichana 31 wa miaka 12 hadi 17 kamera rahisi za plastiki. Mradi uliitwa Shootback. Vijana wakapiga kwao wenyewe: mama zao wakifua, dada zao wakisukana, mipira ya karatasi, mapaa ya mabati. Kikatoka kitabu. Lakini kilichonivutia zaidi kilitokea baada ya kitabu. Mmoja wa watoto wale, Julius Mwelu, alikua akawa mpiga picha, kisha akaanzisha taasisi yake ya kuwafundisha watoto wengine wa Mathare. Mwanagenzi akawa fundi, akachukua wanagenzi. Ukitaka kuupima mradi wowote wa picha, usihesabu kamera zilizogawiwa. Uliza baada ya miaka kumi ni nani anafundisha.

Katika darasa la Changamwe, wasichana ni watano na wavulana ni wanne. Mgeni mmoja aliyetembelea alimpongeza Mwalimu kwa kuwainua wasichana. Mwalimu alipokea pongezi, mgeni alipoondoka akaniambia: huyu hajaelewa, mimi nafanya biashara. Nami namwunga mkono. Harusi ya Pwani ina pande mbili, na upande wa wanawake mwanamume haingii. Wanawake wamejiachia, nywele wazi, wamevaa walivyovaa, wanacheza chakacha, na katika harusi nyingi simu hukusanywa mlangoni ili picha ya mke wa mtu isiende kuzurura mitandaoni. Nani atapiga picha humo? Mwanamke tu, tena mwanamke anayeaminika, anayejua hii inaingia kwenye albamu na ile inafutwa hapa hapa mbele ya mwenyewe. Wasichana wawili wa darasa lile tayari wanapata kazi nyingi za ukumbini kila msimu wa harusi kuliko Mwalimu mwenyewe. Mmoja wao ana daftari ambamo bi harusi huweka saini kuthibitisha kwamba amekabidhiwa kadi yote ya kamera na hakuna nakala iliyobaki. Hakufundishwa hilo na mtu yeyote. Alilibuni mwenyewe baada ya shangazi wa bi harusi kumtolea macho.

Na sheria inamwunga mkono. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na uso wako ni data yako. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kumbandika mteja mtandaoni bila kumwuliza. Mwalimu amezikata habari hizo gazetini na kuzibandika juu ya mlango wa kabati la kamera, ili kila anayechukua kamera azione kwanza. Watanzania nao wana sheria yao ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022. Kwa hiyo fundi anayekwambia "hii picha yako nimeipenda, nitaitundika nje ya studio" amekuomba, na una haki ya kusema hapana.

Utaniambia: yote haya ya nini, na kila mtu ana kamera mfukoni? Swali halali. Nilimpelekea Mwalimu. Hakujibu. Alichukua simu yangu, akaninyooshea karibu kabisa na uso, akapiga. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akavuta picha kidogo, akapiga tena. Akanionyesha. Kwenye ya kwanza nina pua ya mtu mwingine na masikio yamekimbilia nyuma. Kwenye ya pili ni mimi. Simu ile ile, dakika ile ile. Kinachovimbisha pua ni ukaribu, na mkono wa binadamu hauna urefu wa kumwondoa mtu kwenye ukaribu huo. Ndiyo maana picha tunazojipiga wenyewe hutufanya tufanane sote. Ninazo picha zaidi ya elfu tano kwenye simu, na tangu siku ile nimezipitia: za mama yangu ni kumi na moja, na katika saba anazuia uso kwa mkono.

Wala simu si sanduku. Rafiki yangu mmoja alidondosha yake kutoka kwenye feri pale Likoni, na miaka minne ya watoto wake ikazama mkondoni.

Lakini nisimfanye Mwalimu malaika. Ana kosa moja kubwa, nami nimemwambia usoni kwa hiyo si kumsengenya. Nyuma ya studio, juu ya rafu, kuna masanduku kumi na manne ya negativu za marehemu baba yake. Hewa yetu ya chumvi imeanza kuzila. Nyingine zimeota ukungu, nyingine zimegandana. Nilitoa moja, nikaiinua kwenye dirisha. Mwanamke mchanga, kanga ya kisutu, ameshika redio kifuani kama anamshika mtoto. Nani huyo? Mwalimu hajui. Ya pili: wanaume watatu, miwani meusi. Hajui. Baba yake aliwajua wote kwa majina, na hakuandika hata moja. Aliyeweza kuyasoma yale masanduku amezikwa Mikindani, na mwanawe, anayefundisha wenzake kurudisha picha, ameketi juu ya maelfu ya picha ambazo hajui azirudishe kwa nani.

Tumekubaliana jambo. Kuanzia mwezi ujao vijana wa Jumamosi watazichapa baadhi ya zile zilizo nzima, kumi kumi, na kuzitundika kwa kamba mbele ya studio, nje, watu wapite wazione. Anayemtambua mtu ataandika jina kwenye kijikaratasi. Tumejaribu na kumi za kwanza. Siku ya pili tu, mama mmoja muuza viazi alisimama, akaweka karai chini, akasema, "Yule wa redio ni mama mkwe wangu." Alipewa picha akaenda nayo. Kumi hizo zimeshapata majina manne.

Nawe huko uliko, msikilizaji, nakuomba jambo dogo. Kipindi kikiisha, toa zile picha za zamani, zile zilizo kwenye mkoba wa mama au chini ya godoro la bibi. Zigeuze. Andika nyuma jina, mahali na mwaka, kwa penseli laini, maana wino wa biro hupenya na kutoa alama mbele. Usiyemjua, usikisie; mpelekee mkubwa wa nyumba angali hai, umwulize. Usizibandike kwenye zile albamu zenye gundi, zinakula picha. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu.

Na kama una mjomba anayengoja kunyoa ndevu, mpeleke na ndevu zake. Studio nyingi hufungua saa mbili asubuhi.